Nilivyompata Mkalimani wa Kiholanzi na Kiarabu kwa Kazi ya Pampu

Nimechoka kuambiwa eti Mombasa haikosi wajuzi wa Kiarabu, nenda Kibokoni uchukue yeyote. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: meli ya kufyonza mchanga, iliyoundwa Uholanzi zamani, ilikuwa gudini kutengenezwa pampu. Mafundi wake Wamisri, lugha yao Kiarabu peke yake. Mtaalamu wa pampu alikuwa mzee Mholanzi, michoro yake yote kwa Kiholanzi, na Kiingereza chake hakifiki kwenye mambo ya mitambo. Nikatumwa mimi kutafuta wa kusimama kati yao.

Wengine walinishauri tupitie Kiingereza: mmoja atoe Kiholanzi, mwingine apeleke Kiarabu. Nilikataa palepale. Kipimo cha milimita kikipita vinywa viwili, utakuja kuua beringi bure. Wakala mmoja naye akanitafutia kwa simu kijana wa Kimoroko aliyezaliwa Rotterdam. Kiholanzi chake safi, lakini kwao ni watu wa Rif, milima ya kaskazini mwa Moroko, nyumbani wanasema Kiamazighi, lugha ya Waberberi isiyo Kiarabu, na Kiarabu chake cha Kimoroko kiliwafanya Wamisri watazamane. Ukitafuta, usitosheke na mtu kusema anajua Kiarabu. Muulize cha wapi.

Uholanzi ina rejista ya serikali ya wakalimani walioapishwa, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2009. Unaitazama mtandaoni, unachagua lugha. Ni pazuri pa kuanzia, ila wengi niliozungumza nao walikuwa wamekomaa kwenye kesi za mahakamani na za wakimbizi. Ndipo nikatunga mtihani wangu, na huu najivunia.

Nilimwomba fundi mzee wa Mji wa Kale, aliyefanya kazi Jeddah miaka mingi, aketi mbele ya vali iliyofunguliwa vipande vipande: springi, diski, gasketi, boliti. Mchoro hakuonyeshwa. Mholanzi anaeleza, mkalimani yuko kwenye video, na mzee anaunga kwa anayoyasikia tu. Mkalimani wa kwanza alikuwa na Kiarabu cha kuhutubia, hakusita hata mara moja, na vali ikafungwa, springi imebaki mezani! Wa pili, Mwiraki aliyesomea uhandisi wa mitambo Baghdad kabla ya kuhamia Uholanzi, akamkatiza Mholanzi mapema: maji yanaingia upande gani? Kisha akauliza boliti zikazwe kwa kufuatana au kwa kukabiliana. Moyo wangu ukatulia hapohapo. Mzee akaiunga vali yote, akaigeuzageuza mkononi, akaniambia, "Huyu ameshika spana, mwanangu."

Mwenyewe alidai michoro mapema aisome, akamleta na mwenzake wapokezane kila nusu saa hivi, maana kichwa huchoka. Mkimpata wa Uholanzi, kumbukeni saa zao ziko nyuma yetu: moja majira yao ya joto, mbili majira ya baridi. Msimwamshe alfajiri. Na kelele za gudini hazifai, sisi tulivuta kebo ndefu ya intaneti hadi chumba cha stoo, kila mtu na vidude vyake vya masikioni.

Wote wawili walitaka malipo ya nusu siku hata kazi ikiisha mapema. Bosi akanung'unika. Nikamwekea mezani bei ya shafti mpya kutoka Uholanzi, pamoja na usafiri wake, akatia sahihi.