Mwani wa Kifua, Pwani ya Clare

Nauli ya basi kutoka Ennis kwenda pwani inauma, na upepo wa Atlantiki unapenya hata koti la sufu. Lakini Quilty, kijiji cha wavuvi katika jimbo la Clare, Ayalandi, nilikuta jambo nisilolitarajia mbali hivi na Paje ya Unguja: mwani unachemshwa jikoni uwe dawa ya kikohozi.

Waayalandi huuita karagini. Ni mfupi, wa rangi ya zambarau iliyoiva, na huota miamba ya chini kabisa, kwa hiyo huchumwa maji ya bamvua yakikupwa, tangu majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi. Hukatwa kwa kisu na shina likaachwa mwambani, ama sivyo hauchipui tena. Kisha huanikwa juu ya majani siku kadhaa. Mvua ikinyesha wanauacha tu, maana mvua na jua kwa zamu ndivyo vinavyoutoa chumvi na rangi, mpaka uwe mweupe wa maziwa. Ukirundikwa mbichi unaoza. Kwetu mwani ukinyeshewa ni hasara!

Mama mwenye nyumba niliyofikia huchukua gramu 10 za mkavu, kama ukufi mmoja, akauloweka maji baridi dakika 15 na kuuosha mchanga. Hapo huutia katika lita moja ya maji mapya, moto mdogo, nusu saa, akikoroga. Maji yakianza kuwa na ute, huchuja na kuyakamua makapi kwa mgongo wa mwiko, kwani ute mzito hubaki humo. Asali na limau hungoja sufuria iepuliwe. Limau likitiwa motoni, tindikali na joto huukata ule ute, ukabaki na maji ya chumvichumvi. Mwani ukizidi, unapata jeli ngumu inayonuka pwani, na mgonjwa hataki tena.

Hunywewa moto, kidogo kidogo, kabla ya kulala. Hauui vijidudu, unafunika koo lililochubuka, kikohozi kikavu kikatulia. Anayekohoa damu, au ambaye homa haishuki, apelekwe hospitali.

Enniscrone, kaskazini zaidi, kuna nyumba ya tangu 1912 ambako watu wenye baridi yabisi hujiloweka katika mwani wa aina nyingine. Nilipita tu.

Kifuko cha gramu 40 za karagini kilinigharimu zaidi ya euro tatu. Akina mama wa Paje na Jambiani hawapati hata euro moja kwa kilo nzima ya mwani wa spinosum mkavu wanaoulima, nao una ute wa jamii hiyo hiyo; ndio unaofuatwa na viwanda vya ng'ambo tangu kilimo chake kishike Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Nani kwetu anampikia mtoto mwenye kifua? Ute wa spinosum ni laini, haugandi sana, na kwa kinywaji hilo ni jema. Shida ni chumvi na mchanga: wa kunywa uanikwe juu ya chanja, kisha uoshwe maji matatu kabla ya kulowekwa.