Mnara nauona, picha inaganda: kumbukumbu ya mradi wangu wa antena

Jumamosi ya kwanza

Mnara wa televisheni uko kilomita 6 kutoka kwangu, na katikati hakuna kilima wala jengo refu. Usiku taa zake nyekundu naziona nikiwa nimelala. Ndiyo maana picha ikiganda katikati ya taarifa ya habari, mtangazaji kabaki mdomo wazi na jicho moja limefumba, hasira zangu huwa za aina yake. Aliye bondeni, kilomita 40 kutoka mnarani, ana haki ya kusema mawimbi hayamfikii. Mimi nimekaa ukingoni mwa kisima na kiu bado ninayo.

Leo nimeamua niache kubahatisha, nianze kuandika. Nilivyonavyo ni hivi: antena ya vijiti ya siku nyingi, ile aina ya Yagi, busta yake (kikuza mawimbi) iliyofungwa kwenye mlingoti, waya wa koaksi, ule wa antena wenye kiini ndani na suka la nyuzi nje, wa mita 15 hivi, na king'amuzi cha DVB-T2, mfumo wa televisheni ya dijitali ya minara. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna pau mbili, Nguvu na Ubora. Nguvu inasoma 98. Ubora unacheza kati ya 35 na 60, na ukishuka chini ya 40 picha inavunjika vipande, inaganda, halafu skrini inakuwa nyeusi.

Mnara unarusha kwenye mikondo mitatu: 27, 34 na 41. Kila mkondo una upana wa megahezi 8 na umebeba chaneli kadhaa kwa pamoja. Kujua masafa ya katikati ya mkondo wowote wa UHF, bendi ya mawimbi ya televisheni, ni hesabu ya kichwani: zidisha namba ya mkondo kwa 8, kisha ongeza 306. Kwa hiyo ni megahezi 522, 578 na 634. Nimeziandika kwa kalamu ubavuni mwa king'amuzi.

Shutuma ya kwanza naielekeza kwa antena. Vijiti viwili vimepinda na kiboksi cha maungio kimejaa ukoga wa kijani. Nitaunda nyingine.

Jumapili

Nimechagua umbo la miraba miwili iliyogusana pembe, kama namba 8 yenye kona. Haina vijiti vya kuhesabu, na vipimo vyake vinatoka kwenye urefu wa wimbi peke yake: gawanya 300 kwa megahezi, unapata mita. Kwa 578, ule mkondo wa katikati, wimbi lina sentimita 52 kasoro kidogo. Kila ubavu wa mraba ni robo ya wimbi, sentimita 13, na bavu ziko nane. Nimekata waya wa shaba wa sentimita 105, nikaacha ile moja ya ziada kwa ajili ya kuungia.

Kuupinda ni kazi ya praizi na subira. Kona ya kwanza ilinitoka ya mviringo kama goti. Kuanzia ya pili nilipata akili: nabana waya kwenye jiliwa mpaka kwenye alama, nasukuma kwa kidole gumba, namalizia kwa nyundo ndogo. Nyuma yake nimeweka bati la alumini la sentimita 30 kwa 50, umbali wa sentimita 8, ili mawimbi yanayopita yarudishwe mbele na kelele za nyuma zizuiwe.

Kilichonila saa nzima ni kitu kidogo. Nilitaka kulehemu waya wa koaksi moja kwa moja kwenye shaba: kiini upande huu, suka la nje upande ule. Kiini kilishika bila shida. Suka likakataa. Risasi inayeyuka, inakuwa tone, inabingirika na kudondoka mezani. Nikalisugua kwa msasa, nikapaka dawa ya kulehemia, nikaongeza moto mpaka plastiki ikaanza kunuka. Ndipo nikalitazama kwa karibu: nyuzi za suka ni alumini, na alumini haishiki risasi ya kawaida. Nikatafuta kiungio cha skrubu, nikazisokota nyuzi na kuzibana humo. Dakika tano, kazi imekwisha.

Jumapili hiyohiyo, jioni

Nimepanda nayo juu. Busta nimeirudisha palepale, maana akilini mwangu wakati huo mawimbi mengi ndiyo mazuri. Kijana wangu yuko ndani anatazama pau, mimi niko kwenye ngazi.

"Vipi huko?"

"Baba, Nguvu 60, Ubora hamna kitu!"

Nikazungusha kushoto, kulia, nikainua. Hamna kitu. Kisha nikatupa jicho kwenye paa za majirani: vijiti vya antena zao vyote vimelala. Yaani mnara unarusha mawimbi ya mlalo, na mimi nimelaza hiyo 8 yangu kwa sababu ilikaa vizuri kwenye kishikio. Umbo hili lina kiini macho: likisimama wima kama 8 linanasa mawimbi ya mlalo, likilazwa linanasa ya wima. Nimeligeuza robo mzunguko, na kabla sijakaza nati nikasikia kelele kutoka ndani kwamba imerudi.

Nguvu 98. Ubora 55. Baada ya nusu saa picha ikaganda.

Antena mpya, ugonjwa uleule. Basi antena ya zamani nimeisingizia.

Jumatano

Enzi za analojia kosa ulikuwa unaliona kwa macho. Chenga maana yake mawimbi hafifu. Kivuli cha mtu pembeni ya mtu maana yake wimbi limegonga ukuta mahali likafika kwa kuchelewa. Dijitali haikuonyeshi chochote. Inasahihisha makosa kimyakimya na picha inang'aa, mpaka makosa yazidi uwezo wake, hapo inaanguka yote kwa mara moja. Kati ya nzima na mfu kuna desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) moja au mbili tu. Kwa hiyo ukitaka kujua unakaribia genge kiasi gani inabidi upime kwa njia nyingine.

Nimechomoa kile kidude cha USB chenye chipu ya RTL2832U kilichokuwa kimelala kwenye droo. Hakiwezi kufungua DVB-T2, kiliundwa kwa DVB-T ya kwanza, ila kikitumiwa kama redio ya kompyuta kinaonyesha mawimbi yalivyo. Kinaona megahezi 2 na kitu kwa wakati mmoja, kwa hiyo nimekiacha kipite kidogokidogo kutoka 470 mpaka 700 na kuchora. Ukuzaji wake wa ndani nimeushusha kabisa, kisije kikazidiwa chenyewe na kunidanganya.

Mchoro umetoka mzuri. Matuta matatu kwenye 522, 578 na 634, kila moja bapa juu na kingo zimesimama kama ukuta. Hivyo ndivyo mkondo wa dijitali unavyoonekana: maelfu ya vibebaji vidogo vimepangwa bega kwa bega. Ila kulikuwa na cha nne. Kwenye 690, mkondo wa 48, kulikuwa na uvimbe wa mviringo, mabega yake yamelala. Mnara wetu haurushi kitu kwenye 48.

Nikachomoa busta, nikaunga antena moja kwa moja kwenye kidude. Uvimbe ukatoweka. Nikairudisha, ukarudi.

Hapo nikaenda kusoma zile namba ubavuni mwa king'amuzi. Busta iliyozidiwa haiishii kukuza. Inayachanganya mawimbi yenyewe kwa yenyewe na kuzaa masafa ambayo hakuna aliyeyarusha. Mara mbili ya 634, toa 578: 690. Huyo ndiye mgeni wangu. Lakini endelea na hesabu. Mara mbili ya 578, toa 522: 634. Mara mbili ya 578, toa 634: 522. Jumlisha 522 na 634, toa 578: unarudi kwenye 578. Kwa kuwa mikondo ya mnara imeachana sawasawa, megahezi 56 kwa 56, takataka zinazozaliwa zinaangukia juu ya chaneli halali. Uvimbe wa 690 niliuona kwa sababu tu ulitokea uwanja ulipo mtupu. Mingine mitatu ilikuwa imejificha ndani ya matuta yenyewe, ikila Ubora wangu.

Kuhakikisha, nimeweka kipunguzi cha desibeli 10 kabla ya busta. Matuta halisi yalishuka 10. Uvimbe ulizama kabisa, na ndivyo inavyotakiwa: mchanganyiko wa namna hii hushuka desibeli 3 kwa kila 1 unayopunguza.

Alhamisi

Busta imetoka mlingotini. King'amuzi kilipowashwa kikaleta onyo la shoti kwenye antena, nikashtuka, kisha nikacheka. Namba 8 yangu ni waya mmoja uliojifunga: kwa umeme wa betri, kiini na suka ni kitu kimoja. King'amuzi kilikuwa kinapandisha volti 5 za kulisha busta ambayo haipo tena. Nimezima umeme wa antena kwenye menyu. Anayeiga umbo hili azime kabla ya kuchomeka.

"Baba, Nguvu imeshuka! 71!"

"Soma Ubora."

Kimya kidogo. "96."

Ile pau ya Nguvu inajumlisha kila kinachoingia, chaneli na takataka pamoja. Nimeitazama miaka mingapi, nikijisifu kwa 98 yangu!

Jumamosi ya pili

Siku moja safi. Kisha jana jioni picha ikakwama kwa sekunde moja, ikaendelea. Baadaye tena. Mkondo wa 27 tu. Nimepanda juu na tochi, nikatikisa kila kitu, sikuona kasoro. Aliyeliona ni kijana.

"Kila ukiwasha taa ya nje, Baba."

Nimeiwasha. Picha ikaruka. Nimezima, nimewasha tena: ikaruka tena. Ni taa ya LED, na waya wa antena unapita kiganja kimoja kutoka pale. Lakini koaksi nzima haipaswi kujali taa, kwa hiyo nimefungua konekta ya nyuma ya king'amuzi. Aliyeifunga (ni mimi, miaka ile) alikata suka fupi mno, likawa haligusi chuma cha konekta. Karatasi ya fedha peke yake ndiyo iliyokuwa inashika, tena kwa upande mmoja. Kizuizi kisichoungwa ni mapambo. Nimekata sentimita 5, nikamenya upya, suka nimelikunja nyuma juu ya ganda, konekta nikaikaza mpaka kiini kikachungulia milimita 2 mbele.

Taa nimeiacha palepale, kwa makusudi. Nataka kuona.

Jumapili, saa nne usiku

Busta nimeifuta vumbi na kuiweka kwenye boksi. Si mbovu, iliwekwa pasipo kazi yake. Kuna mnara wa pili upande wa pili, mbali. Kwa makisio ya upeo wa mawimbi, 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa mnara na wa antena kwa mita, mnara wa mita 100 na antena ya mita 9 vinaonana mpaka kilomita 53 na nusu hivi. Mlingoti wangu una mita 5. Kijana ameshaanza kuulizia bomba refu.

Vipimo vya usiku huu, taa ya nje ikiwaka: mkondo wa 27, Ubora 95. Wa 34, 97. Wa 41, 94. Muda wa saa tatu bila kuruka.