Siku yangu ya Jumanne: wodini Mbeya, halafu kikao cha mtaala

Saa 12 asubuhi. Julai ya Mbeya ni sweta juu ya sweta. Chai ya maziwa, viazi vya kuchemsha, naondoka. Kazi yangu ni kuchunguza jinsi wanafunzi wa udaktari wanavyofundishwa. Ndugu zangu wakiniuliza nafanya nini, najibu "nafundisha" ili yaishe.

Saa 2. Raundi imeanza. Huwa siandiki ugonjwa wala jina la mgonjwa. Naandika nani ameuliza, nani amejibu, nani amemgusa mgonjwa. Leo mwanafunzi wa mwaka wa nne ameambiwa apime ini la mzee mmoja. Kaweka mkono, mzee kakaza tumbo lote. Daktari bingwa keshasogea vitanda viwili mbele na kundi zima nyuma yake. Sista aliyekuwa anabadilisha dripu ndiye aliyegeuka: "Mikono ya baridi hiyo, dokta. Ipashe kwanza. Na mzee umemwambia unataka kufanya nini?"

Kijana kasugua viganja, kaamkia upya, kaeleza. Kaanzia chini upande wa kulia na kupanda taratibu, huku akimwomba mzee avute pumzi ndefu, maana ini hushuka mtu akivuta pumzi. Safari hii kalikuta. Uso wake ulionyesha hivyo kabla hajasema.

Saa 5. Nimemwomba sista mahojiano, kasaini fomu ya ridhaa, nimewasha kinasa sauti. "Hawa watoto tunawafundisha sisi," kasema, "ila kitabu chao anasaini daktari." Nikaenda kuufungua mtaala. Humo manesi wanatajwa kama watu wa kushirikiana nao, basi. Ualimu hawajapewa.

Saa 7, wali maharage. Sehemu ndefu ya siku inakuja.

Saa 8. Kikao. Shahada ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa intani, yaani mafunzo kazini hospitalini, na kila idara inataka kuongezewa saa. Sijawahi kusikia idara ikiomba kupunguziwa. David Kern, daktari na mwalimu wa madaktari Marekani, na wenzake walipendekeza mwaka 1998 hatua sita za kuandaa mtaala, na mbili za mwanzo ni kujua tatizo na mahitaji ya wanaofundishwa, kabla hata ya kuandika malengo. Sisi tunaanza na ratiba, tukishagawana saa ndipo tunatafuta malengo ya kuzijaza.

Nikaomba nafasi. George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari wa Marekani, mwaka 1990 aliupanga ustadi wa daktari kwa ngazi nne: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha, anafanya. Ngazi ya tatu tunaipima vizuri kwa mtihani wa vituo, ule ambao Ronald Harden aliuanzisha Dundee, Scotland, mwaka 1975: kengele ikilia mwanafunzi anahamia kituo kingine. Lakini kwenye kituo hakuna mzee aliyekaza tumbo kwa baridi. Ngazi ya nne iko wodini, na anayeiona kutwa nzima ni nesi. Kwa hiyo nikapendekeza logibuku, kile kitabu cha mwanafunzi kinachosainiwa kila stadi aliyofanya, iwe na safu ya nesi kusaini.

"Nesi atamsainije daktari?" akauliza mmoja wetu. Swali la haki, ingawa sauti yake haikuwa ya kuuliza. Nikajibu kwamba hatasaini utambuzi wa ugonjwa. Asaini kuweka kanula ya dripu mshipani, kuweka mpira wa mkojo, kuosha mikono, kumweleza mgonjwa kabla ya kumgusa. Mwingine akahofia manesi kuongezewa kazi bila malipo, na hilo sikuwa na jibu lake. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana kujaribu kwenye wodi moja, rotesheni moja, yaani zamu moja ya wanafunzi kwenye wodi hiyo, halafu tuangalie.

Saa 1 usiku. Niko Mafiati, hapa hapa Mbeya, nanukuu mahojiano ya asubuhi kwa taabu maana umeme umekatika na betri inakaribia kuisha. Orodha ya stadi za kusainiwa nimeiandika kwa mkono. Kesho asubuhi nampelekea sista aikosoe kabla bingwa hajaiona.