Vumbi la maita na maharage ya jirani

Fremu yangu iko Tabata, mita tatu kwa nne, mlango mmoja mbele na dirisha la nondo nyuma. Humo kuna meza ya kazi, randa ya umeme, mbao zilizoegemezwa ukutani, na maita, mashine ya kukatia mbao kwa pembe, ya diski ya inchi 10, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nilifungua Januari. Miezi miwili ya kwanza nilijisifu kwa usafi: nakata mbao kutwa nzima, jioni nazoa beseni moja tu.

Kumbe ilikuwa kaskazi. Upepo unaingia dirishani, unabeba vumbi, unatoka nalo mlangoni na kumkabidhi mama ntilie wa ng'ambo ya njia. Siku moja alikuja ameshika mfuniko wa sufuria, akausogeza mbele ya macho yangu bila hata salamu. Akapitisha kidole juu yake. Mstari ukabaki, na pembeni yake unga mwekundu wa mninga.

"Fundi, wateja wangu wanauliza hiki kiungo gani."

Niliomba radhi, nikafunga dirisha. Halafu kusi ikaanza, upepo ukaingia kwa mlangoni, na vumbi likawa langu mwenyewe. Asubuhi jua likipenya kwenye matundu ya misumari ya bati naona mishale ya mwanga imejaa unga unaoelea. Nilikata ubao mmoja, nikazima, nikakaa kuangalia lini utatulia. Chai ikapoa, unga bado uko juu.

Maita huja na kimfuko cha kitambaa nyuma. Kwangu kile ni pambo. Meno ya chini ya diski yanakimbia kuelekea nyuma, kwa hiyo unga unarushwa huko kwa nguvu. Mdomo unaopeleka kwenye mfuko ni mdogo na umekaa juu; unga mwingi unapita chini yake na kugonga ukuta. Hata ufunge mashine ya kufyonza ya bei gani, huwezi kufyonza kitu ambacho hakijafika mdomoni.

Kwa hiyo nilianza na mdomo. Nilikata kipande cha tyubu ya pikipiki, nikakifunga kwa nati kwenye mpira mfupi ulio mdomoni ili ushuke zaidi nyuma ya diski. Chomoa waya kwanza, shusha kichwa cha mashine hadi mwisho, kizungushe kulia na kushoto, hakikisha tyubu haigusi meno. Mimi mara ya kwanza sikuzungusha. Tyubu ililiwa, vipande vikaruka, kijana wangu akatoka nje mbio.

Kisha kasha la kuikinga mashine kwa nyuma. Mabaki ya plaiwudi, upana sentimita 90 ili mashine igeuke nyuzi 45 pande zote, sakafu yake imeinama kuelekea tundu moja chini. Vumbi linalokosa mdomo linagonga ukuta wa kasha na kuteremka. Kazi ya jioni mbili, na kwa maoni yangu ndiyo iliyosaidia kuliko vyote.

Kati ya kasha na mashine ya kufyonza kuna ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko. Bomba la kuingilia limepindwa lifuate ukuta wa ndoo, hewa izunguke. Unga mzito unabaki chini, hewa inatokea katikati ya mfuniko. Bila ndoo, chujio lilikuwa linaziba kabla ya saa sita mchana. Ila bomba likiziba, ndoo inanywea kama chupa ya maji iliyofyonzwa. Nimetumbukiza ndoo ya pili ndani ya ile ya kwanza, sasa inahimili.

Umeme nao. Maita yangu ni wati 1,800, ya kufyonza wati 1,400. Jumla 3,200, ambazo kwa volti 230 ni karibu ampea 14, na plagi ya ekstensheni mwisho wake ni 13. Niliziunganisha pamoja wiki nzima mpaka nikasikia harufu ya plastiki. Siku hizi kila moja ina soketi yake ukutani, na ya kufyonza naiacha iendelee kidogo baada ya diski kusimama.

Barakoa bado navaa, hasa nikikata mvule au MDF, ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandishwa. Mvule unawasha pua na ngozi, MDF ina gundi ndani yake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995, na mafundi wazee wanaokohoa nawafahamu. Wafuga kuku wakija nawapa maranda ya randa ya paini tu. Unga wa maita ni laini mno kwa mapafu ya kuku, na sitaki gundi ya MDF iingie bandani kwa mtu.

Mama ntilie siku hizi ananisalimia, ingawa mfuniko wake bado anaukagua. Ana haki: nikigeuza diski nyuzi 45 kushoto, unga unachungulia pembeni mwa kasha na kutoroka. Kipande cha tyubu cha kuziba pale nimeshakikata. Nasubiri umeme urudi nijaribu.