Nilivyojifunza kuwarudisha kliniki wazazi waliokuwa wamekata tamaa

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na wengi ninaowahudumia ni watoto wenye unene uliopitiliza. Kwa miaka kadhaa daftari langu la mahudhurio lilikuwa na sura ile ile: siku ya kwanza benchi limejaa, ya pili nusu hawapo, ya tatu nabaki na familia chache. Jibu nilikuwa nalo tayari, kwamba wazazi hawajali. Nililisema hata mbele ya wenzangu, na halikuwa kweli.

Niliamka kwa simu moja. Mama wa mvulana wa miaka 9 alikuwa amekosa miadi mara mbili. Nikampigia nikiwa nimejiandaa kumweleza umuhimu wa kuja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nesi, siku ile mwanangu alilia njia nzima. Ameniambia, mama, usinirudishe kule wanakotangaza kilo zangu."

Nikakumbuka. Mzani wetu ulikuwa kwenye korido, mkabala na benchi la kusubiria, na mimi nilikuwa nasoma uzito kwa sauti ili mwenzangu aandike. Nilimwomba msamaha mama yule papo hapo kwenye simu, na alipomwita mtoto nikamwomba na yeye.

Wiki ile ile tuliuhamishia mzani kwenye chumba chenye mlango. Siku hizi namuuliza mtoto kama yuko tayari kupima, na kama angependa kuiona namba. Akikataa, siku hiyo tunaongea tu. Wapo wenzangu waliopinga, wakasema bila vipimo hakuna tiba. Vipimo navithamini, lakini mtoto aliyekimbia kliniki hapimwi kabisa.

Kilichofuata kilikuwa kuzungumza ukweli kuhusu kilo. Mtoto bado anarefuka, kwa hiyo tiba yake si ya mtu mzima. Kwa wengi, hasa wadogo, uzito ukisimama pale pale huku kimo kikiongezeka, uwiano wa uzito na kimo unashuka wenyewe. Hilo nilikuwa silielezi. Wazazi walisubiri kilo zipungue, wiki ya tatu wakaona hazijapungua, wakahesabu wameshindwa. Sasa siku ya kwanza nafungua chati ya ukuaji, naonyesha mstari wa umri, na tunakubaliana tutakachokitazama baada ya miezi mitatu. Nawaambia pia kwamba vinasaba vina sehemu kubwa katika unene, maana karibu kila mzazi huingia amejikunja akisubiri kulaumiwa. Mabega yanashuka palepale.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2023 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unataka familia ipate angalau saa 26 za kuonana ana kwa ana na wahudumu, ndani ya miezi 3 hadi 12. Nilipousoma nikapiga hesabu: sisi tulikuwa tunatoa dakika 20 kwa mwezi, yaani saa 4 kwa mwaka. Nikawauliza wazazi wangewezaje kuja mara nyingi zaidi. Majibu yao hayakuwa na uzembe ndani yake. Ruhusa ya kazini haipatikani, mtoto anakosa masomo, mdogo wake hana wa kubaki naye. Tukafungua kikao cha jioni kwa familia kadhaa kwa pamoja, na ndugu wote wa mtoto wanakaribishwa. Wazazi wakaanza kupeana mawazo wenyewe, mengine mazuri kuliko yangu.

Lakini lililonigharimu zaidi lilikuwa kunyamaza. Mvulana yule aliporudi na mama yake, nilitamani tuanze na vinywaji vyenye sukari, maana niliona wazi ndipo penye tatizo. Wao wakachagua usingizi. Alikuwa anachelewa kulala akitazama simu, na anapata saa 7 tu, wakati mtoto wa umri wake anahitaji kati ya saa 9 na 12. Nikauma ulimi, nikaandika usingizi. Walikubaliana simu zote za nyumbani, ya baba ikiwemo, zilale sebuleni. Baada ya wiki sita mama akaniambia, "Nesi, tumeamua na soda tuzitoe." Hakuna aliyewaagiza.

Kikao kilichofuata nilimwomba aje na bibi, kwa kuwa ndiye anayepakua chakula. Bibi alikuja amenuna. Nilimwambia, "Shikamoo bibi, sijakuita nikukataze kumlisha mjukuu wako, nimekuita unisaidie." Tangu siku hiyo hajakosa, na mtoto hatengewi tena sahani yake peke yake, nyumba nzima inakula chakula kimoja.

Siwashiki wote. Ipo familia moja ambayo sijaiona kwa miezi miwili. Zamani ningeuliza, "Mbona hamkuja?" Safari hii nilimuuliza baba wanaendeleaje na kipi kimekuwa kigumu. Akasema wanaona haya kuja kwa kuwa hawajatekeleza hata jambo moja. Nikamwambia waje hivyo hivyo. Ameniomba nimpigie tena Alhamisi, siku ambayo hayuko zamu, na nimeshaiandika juu ya ukurasa wa wiki hii.