Mkuu wa shule anayepigiwa simu saa tisa usiku

Kila anayemtaja Nadia Lopez, aliyekuwa mkuu wa shule huko Brooklyn, New York, huanzia kwenye ile picha ya Januari 2015. Brandon Stanton, mpiga picha wa ukurasa wa mtandaoni wa Humans of New York, alikutana na mvulana mmoja barabarani akamuuliza ni nani aliyemgusa zaidi maishani. Mvulana akamtaja mkuu wake wa shule, Bi Lopez. Akaeleza kwamba wanafunzi wakifanya kosa, mkuu huyo hawasimamishi masomo. Anawaita ofisini na kuwaeleza jamii inavyowategea washindwe. Kuna siku aliwasimamisha mmoja mmoja, akamwambia kila mtoto kuwa ana thamani. Watu wakaguswa, mchango ukafunguliwa wa kupeleka watoto kutembelea Chuo Kikuu cha Harvard. Lengo lilikuwa dola 100,000. Zikapatikana zaidi ya milioni 1.4. Mwezi uliofuata mkuu, mwanafunzi na mpiga picha walikuwa wamekaa na Rais Obama ofisini kwake.

Hadithi tamu. Mimi lakini nimeng'ang'ania jambo dogo alilolisema Lopez baadaye mwaka huo huo kwenye jukwaa la TED, la hotuba fupi zinazosambazwa mtandaoni: kwamba walimu wake wote wana namba yake ya mkononi, wanafunzi wanayo, hata waliokwisha kuhitimu wanayo, na pengine ndiyo sababu anapigiwa simu na kuandikiwa ujumbe saa tisa usiku. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Ni makamu mkuu wa shule ya kata hapa Mwanza, na namba yangu imeandikwa kwa chaki ukutani kwa mama anayeuza maandazi mbele ya geti letu.

Lopez ni mtoto wa wahamiaji kutoka Guatemala na Honduras, akakulia Brooklyn. Jina la Kihispania, ngozi nyeusi kama yangu. (Ofisi ya walimu ilinibishia kwamba Amerika ya Kati hakuna watu weusi, ikabidi mwalimu wa historia aingilie kati.) Hakuanza na ualimu. Alikuwa na kazi kwenye kampuni ya simu, akaiacha, akaenda kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu.

Kwa maoni yangu hapo ndipo alipojifunzia uongozi, kuliko semina yoyote. Mwalimu wa mahitaji maalumu hawezi kulimwagia darasa zima somo moja kisha akaenda zake. Lazima ajue huyu anaelewa akionyeshwa, yule akiguswa begani anaruka, huyu wa tatu leo hajala. Huku kwetu njia ya madaraka mara nyingi hupitia matokeo ya kidato cha nne: somo lako likitoa A na B za kutosha, Afisa Elimu anakujua jina. Hatujafanya vibaya, ila tunapata wakuu wanaoujua mtihani kuliko wanavyowajua watahiniwa.

Mwaka 2010 Lopez akaanzisha Mott Hall Bridges Academy, shule ya umma, si ya binafsi, kwa watoto wa darasa la sita hadi la nane. Iko Brownsville, sehemu ya Brooklyn iliyojaa majengo marefu ya nyumba za serikali, yenye umaskini na magenge yanayowinda watoto wangali wadogo. Alianza na watoto 45. Kwetu huo ni mkondo mmoja, tena mkondo wenye bahati! Lakini sikiliza hao 45 walivyokuwa: asilimia 30 walikuwa na mahitaji maalumu, asilimia 86 walikuwa nyuma ya darasa lao kwa Kiingereza na hisabati, na wote walitoka kwenye familia zilizo chini ya mstari wa umaskini. Alimuuliza kijana wa miaka 13 anajiona wapi baada ya miaka mitano. Akajibiwa: sijui kama nitafika huko nikiwa hai.

Akaamua watoto hao waitwe wasomi, na rangi ya shule iwe zambarau, rangi ya kifalme. Lengo lake alilisema wazi, kwamba anafungua shule ili afunge gereza. Msemo kama huo ukitamkwa kwenye kikao cha wazazi hapa kwetu, mtu wa nyuma atauliza choo cha wasichana kitakamilika lini. Na atakuwa na haki.

Kinachonivuta zaidi ni pale kwenye nidhamu, kwa sababu ndiko ninakoshinda. Kwa kanuni zetu viboko havizidi vinne, mkuu wa shule aidhinishe, viandikwe kitabuni, na msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike. Huyo mwalimu wa kike, mara nyingi, ni mimi. Viboko vinne havichukui hata dakika mbili, pamoja na kuandika.

Sasa ona upande wa pili. Muhula uliopita tulikuwa na binti wa kidato cha pili aliyekuwa akifika kipindi cha tatu kikianza, siku baada ya siku. Nilikaa naye chini ya mwarobaini vipindi viwili vizima kabla hajafungua mdomo. Kumbe alfajiri yuko soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, anamsaidia bibi yake kupakia dagaa. Kesho yake nikamfuata bibi. Kesho kutwa nikaongea na mwenye mzigo. Tukapata nafuu: siku za mitihani bibi anasaidiwa na mjukuu mwingine, siku nyingine binti anaondoka sokoni saa kumi na mbili na nusu. Anafika. Ila vipindi vyangu vya Jiografia vya siku hizo nani alivifundisha? Hakuna. Kidato cha tatu walikaa wanapiga soga, na Mkuu akaniuliza, kwa adabu lakini akaniuliza.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia wanaonitumia hotuba ya Lopez kwenye kundi letu la WhatsApp na emoji za makofi. Uongozi wa kumwita mtoto na kumsikiliza unatafuna saa, na saa hizo haziko kwenye ratiba ya mtu yeyote. Mwenyewe alisema walimu wake walikuja hadi mwisho wa wiki na kutoa fedha mifukoni mwao. Huko ni Marekani!

Halafu kuna sehemu ambayo haisambazwi. Kabla ya ile picha, alisimulia baadaye, alikuwa amechoka kiasi cha kufikiria kuacha kazi. Na mwaka 2020 aliacha kweli, baada ya kugundulika ana ugonjwa wa figo, akisema umetokana na msongo wa kazi. Zile milioni 1.4 zililipia safari za kutembelea vyuo, masomo ya likizo na ufadhili wa wanafunzi. Kumpunguzia mkuu mzigo haikuwa kazi ya fedha hizo.

Mwenzangu mmoja aliposikia hayo akasema, "Dada, basi alikimbia." Nilikasirika. Miaka kumi kwenye shule ile, simu ikiwa wazi usiku kucha, mtu huyo hakukimbia. Alikuwa anabeba kazi ya mshauri nasaha, ustawi wa jamii, mzazi na mkuu, kwa mshahara mmoja, na sisi tukaita kipaji.

Mkuu wetu anastaafu, nami nimeombwa kukaimu hadi Desemba. Nimekubali. Kwa Lopez nachukua tabia ya kuingia madarasani kila siku na kumweleza mwalimu nilichokiona, kwa sababu alisema unachokitegemea lazima ukikague. Nimeomba pia nipunguziwe vipindi vya Jiografia, na Afisa Elimu amesema "tutaona", ambayo sote tunajua maana yake.

Ile ya simu siichukui. Yangu itazimwa saa nne usiku. Tumenunua laini ya shule, itakaa kwa mwalimu wa zamu kwa wiki, na mama wa maandazi ameshafuta namba ya zamani akaandika mpya. Wazazi tumewaeleza kikaoni. Wawili wamelalamika, mmoja ni diwani.