"Mmeelewa?" "Ndiyo mwalimu!"
Leo asubuhi darasani kwangu hapa Moshi, mvua inapiga bati, nimeacha slaidi zote kasoro moja. Swali la takwimu: ofisi ina watu kumi, mshahara wa bosi ukiongezwa mara tano, kipi kitayumba, wastani au namba ya katikati mishahara ikipangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa? Wajibu kwa Google Forms, kiungo nimekitupia kwenye grupu la WhatsApp.

Zaidi ya nusu wamekosa! Na wiki iliyopita niliwauliza kama wameelewa, wakaitikia kama kwaya.

Sikuwapa jibu. Nikasema kila mtu amgeukie jirani, mbishane dakika tatu. Weee, kelele kama stendi! Binti mmoja wa viti vya nyuma, sijawahi hata kusikia sauti yake, alikuwa anamkaba mwenzake kwa bei za ndizi za soko la Mbuyuni. Walipojibu tena, waliokosa walikuwa wa kuhesabu.

Mbinu si yangu; Eric Mazur, profesa wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliianza 1991, simu janja hazipo. Shida ni bando. Wasio nalo niliwaunganisha wawili wawili kwa simu moja, na hao ndio waliobishana kuliko wote. Kesho swali watatunga wao.